Daftari la Wiki: Hakuna wa Kumtuma

Jumatatu

Nyumba yenye mtoto wa miaka minane haikosi kiberiti. Kikiisha, jina lake linaitwa, sarafu inawekwa kiganjani, na kabla maji hayajapata moto mtoto amesharudi anahema, chenji imepungua kidogo na ulimi una rangi ya pipi. Wengi wetu tulianza kazi hivyo. Kutumwa hakukuwa na mshahara wala likizo, na aliyenuna aliposikia jina lake alijua kitakachofuata. Ukikua unapanda cheo, unakuwa mwenye kutuma.

Anayeishi peke yake amepandishwa cheo hicho bila kupewa mtu wa chini yake. Nimepanga chumba na sebule Sinza, wanangu wameshaanza maisha yao mbali, na chumvi ikiisha saa moja jioni anayetoka kwenda dukani ni mimi. Kwanza nazima jiko, maana hakuna wa kuangalia mboga. Nafunga mlango kwa kufuli, maana hakuna anayebaki ndani. Nikirudi nafungua, nawasha, naanza upya. Safari ya mtoto ni dakika tatu. Yangu ni shughuli.

Duka letu ni la Mangi, kama maduka mengi ya mitaani Dar es Salaam yanavyoitwa, mwenye duka awe Mchaga au asiwe. Wetu ni Mkinga wa Makete na anaitika vizuri tu. Jioni, dirishani pake, kwenye zile nondo, foleni ni ya watoto. Mtu mzima anasimama katikati yao na chupa yake ya kupimiwa mafuta ya kula, anaitikia marahaba, marahaba, marahaba, mpaka zamu yake ifike. Mangi ana heshima, hupenda kumhudumia mtu mzima kwanza. Nimemwambia aache. Wale wametumwa, nyumbani kuna watu wanaowasubiri kwa hasira. Mimi sisubiriwi na mtu.

Wataalamu wa uchumi wamesema mara nyingi kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi, na ni kweli. Mafuta ya kipimo, sukari ya robo kilo, sabuni ya kipande: jumlisha mwezi mzima uone. Lakini mfuko wa unga wa kilo 25 kwa mtu mmoja ni shamba la fukusi. Utaula mwezi wa kwanza, wa pili utaanza kuuchekecha, wa tatu utatafuta mwenye kuku. Kile ninachomzidishia Mangi nakihesabu kuwa kodi ya ghala. Gunia linakaa kwake, panya ni wake, hasara ikiingia ni yake, mimi nachukua robo yangu nikiihitaji. Kwa mwenye familia ya watu saba kununua kwa kupimiwa ni kuumia kabisa. Kwa mtu mmoja, si ujinga.

Jumanne

LUKU imekatika saa tatu usiku na mchango haujakamilika. Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Kila chumba hutoa sawa, yaani mwenye watoto wanne, friji na runinga hutoa sawa na kijana wa uani mwenye taa na chaja ya simu. Hoja ya kuchanga kwa kuhesabu vichwa ilipingwa na wenye vichwa vingi. Hoja ya kuchanga kwa vifaa ilikufa mtu mmoja alipouliza nani ataingia vyumbani kukagua. Pasi ndiyo inayopigiwa kelele kuliko vyote, kwa sababu inaonekana. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga haina kelele, inakaa chini ya kitanda, na kila mtu anajua ni ya nani.

Friji ya jirani nimeisamehe zamani. Hasara iko kwenye bei. Tanesco ina kundi la wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo, D1. Asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, T1, hulipa shilingi 292. Bei hizo, zilizopangwa 2016, ni kabla ya VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Mtu mmoja mwenye taa, feni, redio na kifriji kidogo anaweza kabisa kukaa chini ya 75 asijinyime kitu. Tuseme ametumia uniti 70. Kwa D1 ni shilingi 7,000. Kwa T1 ni 20,440. Tofauti hiyo ni mboga za wiki nzima, na nyama ndani yake.

Sasa, D1 inafuata mita, haimfuati mtu. Wapangaji sita wenye matumizi ya kichumba kimoja kimoja wakikaa nyuma ya mita moja wanahesabika mteja mmoja mkubwa, na nafuu iliyowekwa kwa ajili ya wadogo inawapita wote sita kwa pamoja. Mafundi huwashauri watu wafunge mita ndogo kila chumba ili kila mmoja alipe alichotumia. Ugomvi unapungua, bei inabaki pale pale. Dawa ni kila chumba kiwe na mita yake ya Tanesco, na mwenye nyumba hajaona faida yake katika hilo.

Juu ya hapo kuna kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, na tangu 2023 ni 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Nilipomkumbusha mwenye nyumba kwamba fedha hiyo ni ya kurudishana, alicheka. "Mama, si buku jero tu hiyo?" Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Angekuwa anadai yeye, ingekuwa hela.

Jumatano

Gesi imeisha, kama kawaida yake, maharage yakiwa yamebakiza nusu saa.

Mtungi wa kilo 6 ni wa kwetu hasa, watu wa sufuria moja. Jiko la mkaa linataka kaya. Ukishaliwasha, moto wake unatosha maharage, ugali, maji ya kuoga na chai ya mgeni, na kuliwasha kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai ni ufujaji ambao hata bibi yangu asingekubali. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Makapera walifika huko bila mkakati, kwa uvivu wa kupepea.

Neno moja kwa wanaoletewa mtungi na bodaboda mlangoni: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha na kilo 6, kisha upime mtungi kwenye mizani ya muuzaji. Kijana wa kwanza niliyemtaka afanye hivyo alinitazama kama niliyemwita mwizi, na sikuwa nimemwita.

Alhamisi

Nazi haiuzwi nusu. Mchele utapimiwa robo, dagaa watawekwa fungu la pesa uliyonayo, mama wa genge atakukatia mchicha na kukupa nyanya moja ukimwomba, lakini nazi utaibeba nzima. Uivunje, ukae juu ya mbuzi, uikune, ukamue tui zito na tui jepesi, yote hayo kwa sahani moja ya wali. Nusu iliyobaki haingoji. Kwa joto la Dar es Salaam kesho yake inanata na harufu imegeuka.

Tui la pakiti la supamaketi nimelijaribu, na hukumu yangu ni kwamba linafaa kwa dharura na kwa watu wasiojua wanachokosa. Linapaka sufuria, halinukii uani. Wali wa nazi usiosikika mpaka chumba cha tatu una nini cha nazi?

Ufumbuzi ameuleta mama wa chumba cha mbele, bila kikao. Siku akivunja nazi, binti yake wa darasa la tano anatumwa kwangu na kizio kimoja kwenye sahani, kimefunikwa na kawa. Nikivunja mimi, nabeba kizio mwenyewe mpaka mlangoni kwao, kwa kuwa sina binti wa kumtuma. Binti ananitazama ninavyokuja na sahani mkononi, na naona anaona kuna taratibu hapa hazijakaa sawa. Mtu mzima kubeba sahani! Siku hizi hunipokea katikati ya uwanja.

Wali ukibaki, ni kiporo. Kiporo cha wali na chai ya tangawizi ni kifungua kinywa kisicho na mpinzani, na anayeishi peke yake hukila kwa wingi, maana hakuna anayejua kupika wali wa mtu mmoja kamili. Kuna jambo la kuangalia, hata hivyo. Kuna bakteria wanaoitwa Bacillus cereus. Mbegu zao huhimili mchemko, na wali ukilala kwenye sufuria jikoni usiku kucha wanaamka, wanazaana na kutoa sumu. Sumu ile ya kutapisha haivunjwi na kupasha moto asubuhi, hata ukiukaanga mpaka uwe mkavu. Kwa hiyo wali ukipoa uende kwenye friji usiku ule ule, uwe umetandazwa kwenye chombo kipana upoe upesi. Asiye na friji apike kidogo, au aombe nafasi kwa mwenye nayo. Ndiyo, kwa yule yule wa kwenye mchango wa LUKU.

Ijumaa

Chumba cha uani anakaa kijana fundi simu, kazi yake iko Kariakoo. Anatoka alfajiri kuwahi mwendokasi, anarudi usiku, salamu zake ni fupi na adabu yake haina dosari. Juzi mama wa chumba cha mbele alikuwa akifagia uwanja, akaona kitu. Kufuli la kijana halikuwa limening'inia nje kwenye komeo. Malapa yake yalikuwa mlangoni. Na ilikuwa imeshapita saa nne asubuhi.

Katika nyumba ya kupanga hiyo ni taarifa iliyokamilika. Kufuli nje, ametoka. Malapa mlangoni, yumo. Malapa mlangoni saa nne ya siku ya kazi, kuna jambo. Akapiga hodi. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikajibiwa na kitu kama kikohozi.

Kijana alikuwa na homa tangu jana yake. Simu ilikuwa kichwani pake, ina chaji na ina salio, na hakuwa amempigia mtu. Anatengeneza simu za mji mzima. Alipoulizwa, akasema hakutaka kusumbua watu. Mama wa mbele, ambaye maneno yake hayapitii popote kabla ya kutoka, akamjibu: "Mgonjwa hasumbui, baba. Kinachosumbua ni maiti, maana itabidi tuchange kuisafirisha mpaka kwenu Kigoma." Kijana akacheka na homa yake. Dakika kumi baadaye alikuwa nyuma ya bodaboda, katikati ya dereva na mume wa mama wa mbele, wanaelekea zahanati.

Akatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka, majibu yakatoka kabla kiti hakijapata joto: malaria. Ningependa kusisitiza hapo, kwa kuwa wanaokaa peke yao ni mabingwa wa kujitibu. Homa mjini inaweza kuwa ya mambo mengi, na kumeza dawa ya malaria kwa kukisia ni kucheza na mwili. Pima kwanza. Akapewa mseto, dawa iliyochukua nafasi ya SP, dawa ya malaria ya awali, hapa Tanzania tangu 2006. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24. Unameza vinne, baada ya saa nane vinne tena, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, na umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee vizuri.

Karatasini ni dozi nyepesi. Kwa mtu anayelala peke yake ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni zile saa nane za kusubiri. Kijana alimeza vidonge vya mwanzo saa nane mchana, kwa hiyo vilivyofuata vilikuwa vya saa nne usiku, wakati mgonjwa mwenye homa hajui hata yuko wapi. Wa pili ni siku ya pili. Homa imeshuka, mtu ana nguvu, kazini wanamtafuta, vidonge vilivyobaki vinaingia kabatini kusubiri homa nyingine. Kwenye familia kuna mama anayehesabu. Kwenye chumba cha mtu mmoja mhesabu ni mgonjwa, na mgonjwa ana maslahi.

Mama wa mbele akamteua binti yake wa darasa la tano. Usiku wa juzi binti alisimama mlangoni na uji wa ulezi uliotiwa siagi ya karanga, baba yake nyuma yake, akasema, "Mama amesema nihesabu." Kijana akatoa pakiti. Jana asubuhi vivyo hivyo, na jana jioni. Leo asubuhi kijana, ameshapona kiasi cha kubishana, alimwambia ameshameza. Binti akamwambia anajua, ila ametumwa kuona. Jioni hii amemaliza, pakiti tupu imepelekwa chumba cha mbele kama ushahidi. Kesho anarudi kazini, na amemwahidi mhesabu wake kava jipya la simu, simu ambayo mama yake ameapa hataipata kabla ya kidato cha nne.

Nimefikiria nyumba nyingine ninayoitamani kila LUKU inapokatika, yenye mita yangu na geti langu. Nyuma ya geti hakuna anayeyaona malapa. Mita bado naitaka. Geti sitaki.

Jumamosi

Nilihitaji barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ile inayodaiwa karibu kila unakokwenda. Utaratibu mnaujua. Picha ndogo ya pasipoti, mjumbe akutambue, kisha ofisini, kisha muhuri, kisha urudi kesho kwa kuwa mwenye muhuri ametoka. Mjumbe wetu ni mzee, alianza kazi wakati mfumo wa nyumba kumi, ule wa enzi za TANU miaka ya 1960, ukiwa bado na meno, na anapenda kuulizana habari kabla ya kuandika. Uko na nani pale? Peke yangu. Peke yako kabisa? Kabisa. Akaandika huku akitikisa kichwa.

Nikakumbuka sensa ya 2022. Karani alikuja na kishikwambi chake, akauliza mkuu wa kaya ni nani. Mimi. Wangapi walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Mimi. Uhusiano wao na mkuu wa kaya? Tukatazamana. Tulihesabiwa 61,741,120, wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na ule wastani kushuka kidogo mimi nimechangia.

Fomu ya leo ilikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Kwa miaka nimeandika kaka yangu. Yuko Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Likitokea jambo usiku, atakachoweza kufanya ni kukosa usingizi. Safari hii nimeandika mama wa chumba cha mbele, na penye uhusiano nikaandika jirani. Karani wa ofisi alitaka kulikata, akasema panatakiwa ndugu. Nikamuuliza, mlango ukibidi kuvunjwa utavunjwa na aliyeko Mwanza au aliyeko mbele ya mlango? Akagonga muhuri.

Na mlango usivunjwe, ni hasara ya kitasa bure. Wachonga funguo wako kila penye kituo kikubwa cha daladala, wamekaa na tupa zao na meza yenye funguo mbichi zilizotungwa kwenye waya. Wa kwetu alichukua muda mfupi kuliko kinyozi. Ufunguo wa pili nimempa mama wa mbele, akauweka kwenye kopo la chumvi kabatini kwake.

Msomaji unayeishi peke yako, chonga ufunguo wa pili wiki hii na umpe mtu anayeweza kufika mlangoni kwako kwa miguu. Na wewe mwenye nyumba ya vyumba sita na mita moja, omba mita.